Maswali ya wasomaji: Njia ya udaktari na milango yake midogo

Msimu wa matokeo ya kidato cha sita ukikaribia, barua zinazoifikia safu hii kutoka Arusha na Moshi huwa karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto anataka kuwa daktari, aanzie wapi, na nini kitamkwamisha. Tumezisoma zote. Wengi waliokwama hawakukwama kwa kukosa akili wala moyo wa kuhudumia watu. Walikwamishwa na somo moja la kidato cha nne, jina lililoandikwa vibaya kwenye cheti, au ujumbe wa simu ambao haukujibiwa. Kwa hiyo majibu yetu mwezi huu yamejaa vitu vidogo vidogo, na tunaomba visidharauliwe.

Nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Fizikia inanitesa, muhula uliopita nilipata S. Wenzangu wawili wamehamia CBG (kemia, baiolojia na jiografia), wanasema udaktari ni baiolojia na kemia tu, jiografia haina shida. Nihame?
*Binti wa Pasua, Moshi*

Kama nia yako ni udaktari wa binadamu, usihame. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka mwombaji wa shahada ya udaktari (MD) kutoka kidato cha sita awe na fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu, angalau D katika kila moja, yaani pointi 6 kwa jumla. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Jiografia hata ukipata A haiwezi kuziba pengo la fizikia. Wenzako waliohama hawajakosea kama wanataka kozi nyingine, ila mlango huo wa MD wamejifungia.

Sasa tazama S yako kwa utulivu. S ni alama 35 hadi 39, na D inaanzia 50. Unachotafuta ni alama kumi na tano hivi, na hizo zina mahali pa kupatikana. Mtihani wa fizikia una karatasi tatu: mbili za nadharia zenye alama 100 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 50. Wanafunzi wengi wanaolalamika kuhusu fizikia huitupa hiyo karatasi ya tatu kwa kufanya mazoezi ya maabara wiki mbili tu kabla ya mtihani. Maswali yake ni matatu, na kwa kawaida moja ni la mekanika, jingine la joto na jingine la umeme. Alama hupotea kwa makosa yaleyale kila mwaka. Vipimo vya safu moja vinaandikwa kwa desimali zisizolingana. Jedwali halina vizio. Skeli ya grafu imechaguliwa kwa mafungu ya tatu au saba, hivyo nukta zinakaa ovyo. Pembetatu ya kutafuta mteremko imechorwa ndogo mno, na kosa dogo la kusoma linakuwa kosa kubwa kwenye jibu. Haya hayahitaji kipaji. Omba mwalimu wa maabara akuruhusu kurudia jaribio moja kila wiki, ulichore na ulikamilishe siku hiyohiyo, kisha mpe mwenzako alisahihishe.

Kuna jambo la pili tusikufiche. Pointi 6 ni sifa ya kuomba, haikuhakikishii nafasi. Vyuo hupanga waombaji kuanzia mwenye alama za juu kushuka, na nafasi za udaktari ni chache, kwa hiyo mwenye D tatu mara nyingi hubaki nje. Fizikia ifikishe D au C, halafu kemia na baiolojia zibebe mzigo kwa B na A. Huo ndio mgawanyo wa nguvu tunaoushauri kwa mtu aliye mahali ulipo.

Kijana wangu amemaliza kidato cha nne: kemia C, baiolojia C, fizikia D, Kiingereza D, hisabati F. Hakuchaguliwa kidato cha tano cha sayansi. Kuna chuo kinasema kitampokea asome utabibu miaka mitatu, halafu baadaye ataendelea na udaktari. Ni kweli au ni biashara?
*Baba wa Ngaramtoni, Arusha*

Baba, njia hiyo ipo, ni halali, na imetoa madaktari wazuri. Ila ina shimo katikati ambalo chuo hakitakuonyesha, kwa sababu mtoto hulifikia wakati ada yote imeshalipwa.

Kuingia stashahada ya utabibu, NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, linataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo kemia, baiolojia na fizikia lazima viwepo. Hisabati na Kiingereza vinahesabiwa kama nyongeza nzuri tu. Kijana wako ana sifa hizo leo. Atasoma miaka mitatu, atakuwa tabibu, yaani mtoa tiba mwenye stashahada, ataajirika.

Shimo liko hapa. Tabibu anayetaka kujiunga na shahada ya udaktari anatakiwa awe na wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo yote) isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake, na pia angalau D za kidato cha nne katika masomo matano: kemia, baiolojia, fizikia, Kiingereza na hisabati. Ile F inayoonekana haina madhara leo ndiyo itakayomrudisha nyumbani miaka mitatu au minne ijayo, akiwa na GPA ya 3.8 mkononi.

Dawa yake ni rahisi ikianza mapema. Mwandikishe arudie hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne anaruhusiwa kurudia hata somo moja. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba. D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 kwa mia. Kijana aliyepata C ya kemia anaweza kufika 30 za hisabati kwa kushika mada chache barabara: seti, takwimu, uwiano na asilimia, akaunti rahisi, matriki na mabadiliko, na trigonometria ya mwanzo. Afanye hivyo mwaka huu kabla ya kwenda chuo, au mwaka wa kwanza wa chuo. Akisubiri hadi awe kazini na zamu za usiku, hatafungua daftari.

Kuhusu chuo chenyewe, usilipe chochote kwa maneno. Ingia kwenye tovuti ya NACTVET utafute jina la chuo na uone kama kozi ya utabibu imeorodheshwa, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa famasia au maabara lakini si utabibu. Uliza pia wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani na wangapi kwa wodi moja. Chuo kisichoweza kutaja hospitali hakimfundishi mtu utabibu.

Hesabu ya miaka iko hivi. Kidato cha tano na sita miwili, MD mitano, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada) mmoja: jumla minane. Kwa njia ya utabibu ni mitatu, mitano na mmoja: tisa, kwa sababu tabibu akiingia MD huanza mwaka wa kwanza kama wengine. Tofauti ni mwaka mmoja tu, lakini katikati anaweza kusimama akafanya kazi. Akisimama, aangalie kalenda: mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukiweka ukomo wa umri wa miaka 35 na kumtaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita.

Neno moja la mwisho kwako, Baba, kwa sababu barua yako ilikuwa na kamstari kanakosema "asije akabaki tabibu tu". Zahanati nyingi unazoziona kutoka hapo Ngaramtoni hadi Monduli zinaendeshwa na matabibu na wauguzi. Mtoto mwenye nimonia saa nane za usiku anaanza kuonwa na hao. Akibaki tabibu na akawa tabibu mzuri, hujapoteza kitu.

Mimi ni mjane, nauza nguo sokoni. Binti yangu amefaulu vizuri na anataka udaktari. Naogopa mkopo utakosekana kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kina jina la babu na vya shule havina. Nifuate utaratibu gani?
*Mama wa Himo*

Pole kwa msiba, Mama, na hongera kwa binti. Hofu yako ni ya kweli, na umeiona mapema.

Anza na majina leo, hata kabla ya dirisha la mkopo kufunguliwa. Weka vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita au taarifa ya matokeo, na cheti cha kifo cha baba yake. Andika kwenye karatasi moja majina jinsi yalivyo, herufi kwa herufi. Kompyuta haijui kuwa Elizabeti na Elizabeth ni mtu mmoja. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili aandae hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani peke yake kimewakwamisha watu, kwa hiyo muulize wakili waziwazi kama anachokuandalia ni hati ya kusajiliwa au ni kiapo tu.

Pili, cheti cha kuzaliwa na cha kifo lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao. Mfumo wa mkopo unataka namba ya uhakiki, na nakala yenye mhuri wa wakili haitoshi. Jibu la RITA linaweza kuchukua siku kadhaa, na foleni hurefuka Julai na Agosti. Fanyeni Mei. Na tafadhali usiache cheti cha kifo ukidhani kinaongeza mzigo. Ndicho kinachoonyesha kuwa binti amefiwa na mzazi, na hali ya kiuchumi ya familia ndiyo inayopima kiwango cha mkopo. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, wekeni na namba hiyo.

Tatu, fomu yenyewe. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Namba ya mtihani ya kidato cha nne inayotumika kwenye mkopo lazima iwe ileile inayotumika kuomba chuo. Aliyefanya mtihani mara mbili hukosea hapa mara kwa mara, akatumia moja huku na nyingine kule, na mifumo miwili ikamwona kama watu wawili. Mkijaza, mnachapa fomu, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zinapakiwa tena kwenye mfumo. Maombi mengi huanguka kwenye hatua hiyo ya mwisho. Mtu anasaini kila kitu, anaridhika, fomu inabaki kwenye bahasha. Pigeni picha au tengenezeni nakala ya kila ukurasa.

Wakati huohuo binti anaomba chuo moja kwa moja. Siku hizi kila chuo kinapokea maombi yake. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Kwa hiyo laini aliyosajilia isiuzwe wala isiazimwe. Asipothibitisha, anaweza kuikosa nafasi. Na akumbuke kuwa chuo cha binafsi au cha dini hutoza ada zaidi ya maradufu ya chuo cha serikali, na mkopo si lazima uifunike yote. Ukiona barua ya mkopo, tafuta mstari wa ada na uondoe kwenye ada ya chuo. Kinachobaki ndicho cha kupanga na ndugu.

Kama matokeo yake ni ya juu kabisa, kuna pia ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Huo haurudishwi. Mkopo unarudishwa: akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Vifaa vya mwaka wa kwanza visikutishe. Makoti meupe mawili, glavu, na vifaa vya kupasulia vya anatomia, ambavyo hupatikana kwa bei nafuu kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Stetoskopu na kipimo cha presha vinaanza kutumika kweli mwaka wa tatu. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa muda mrefu imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, iwekwe pembeni mapema, kwani vyuo huidai siku ya usajili.

Wakala mmoja hapa mjini anasema anaweza kunipeleka nje nikasome udaktari bila fizikia ya kidato cha sita. Anataka nusu ya pesa sasa.
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Usitoe. Mwanafunzi anayekwenda kusoma nje anatakiwa kuomba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, na shahada utakayorudi nayo itapelekwa TCU kutambuliwa kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijafikiria kukusajili. Kote huko wataangalia uliingia chuo kwa sifa gani. Miaka sita ya ugenini inaweza kuishia kwenye karatasi ambayo hospitali haiwezi kuipokea. Peleka jina la chuo TCU kwanza, na majibu yao yawe ya maandishi.

Nimepata sapu (mtihani wa marudio) ya anatomia mwaka wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu. Nahisi si mahali pangu.
*Mwanafunzi, Longuo, Moshi*

Mdogo wetu, ni mahali pako. Kwenye vyuo vya tiba alama ya kufaulu kwa kawaida ni 50, si 40 kama kozi nyingine nyingi, na anatomia huwashika wengi waliokuwa wa kwanza shuleni, hasa wale waliozoea kukariri usiku mmoja. Kinachomfanya mtu adisko, yaani aondolewe chuoni, ni kuingia kwenye sapu akiwa amesoma kwa mtindo uleule uliomwangusha.

Badili mtindo. Anatomia husomwa kwa mkono na macho. Rudi chumba cha kupasulia pamoja na wenzako watatu, mmoja ashike muundo, wa pili ataje jina, wa tatu aseme neva na mshipa wake wa damu, wa nne aseme kitatokea nini kikikatwa. Badilishaneni. Saa moja ya namna hiyo ni bora kuliko saa nne za kusoma slaidi kitandani. Chora plexasi ya bega (mtandao wa neva za mkono) kila asubuhi kwa wiki mbili, bila kuangalia, hadi mkono uzoee. Harufu ya formalini ikikuumiza kichwa, simama karibu na dirisha na usiingie na njaa. Na omba kuiona karatasi yako ya mtihani, kama chuo kinaruhusu, ujue alama zilipotea kwenye maandishi au kwenye vituo vya kutambua viungo. Tiba ya kila moja ni tofauti.

Mwezi ujao naanza mwaka wa tatu, naingia wodini. Tumefundishwa kuchukua historia ya mgonjwa kwa Kiingereza. Naogopa kwamba nitasimama mbele ya mama wa Kichaga au mzee wa Kimaasai na sitajua nianzeje.
*Mwanafunzi wa udaktari, Moshi*

Swali hili ndilo lililotufurahisha kuliko yote, na tutalijibu kwa urefu.

Moyo wa huduma unaozungumzwa kwenye hotuba za sherehe za kupokea makoti meupe huanzia kwenye sentensi ya kwanza unayomwambia mgonjwa. Uelekee upande anaoweza kukuona, vuta kiti ukae, usimame tu kama kiti hakipo. Shikamoo kwa aliyekuzidi. Jina lako, mwaka wako wa masomo, na ombi: "Naomba nizungumze nawe kuhusu ugonjwa wako, kisha nikupime. Ukichoka tutaacha." Mgonjwa wa hospitali ya rufaa kama KCMC pengine ameshaulizwa maswali hayohayo na watu wanne kabla yako. Akikataa, mshukuru uondoke. Atakayekubali yupo kitanda cha pili.

Kisha jifunze kutafsiri mara mbili. Mgonjwa anazungumza Kiswahili cha nyumbani, wewe unaandika kwa Kiingereza cha faili, na makosa huzaliwa katikati. Akisema "presha", uliza ni ya kupanda au ya kushuka, nani aliipima, lini. Wengi humaanisha mapigo ya moyo kwenda mbio. "Kifua" kinaweza kuwa kikohozi, maumivu, au kubanwa pumzi: mwombe aonyeshe kwa mkono. "Kichomi" mara nyingi ni maumivu ya ubavuni wakati wa kuvuta hewa. "Vidonda vya tumbo" na "taifodi" ni majina aliyopewa dukani au kwenye kituo kingine, usiyaandike kama utambuzi, andika alichohisi. "Chango" kwa mama mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwingine ni tumbo la mtoto mchanga. "Degedege" ni mtoto kushtuka na kukakamaa, lakini neno hilo katika familia nyingi linakwenda na imani kwamba hospitali si mahali pake. Kwa hiyo ukimsikia mama akilitaja, uliza kwa upole mtoto alipelekwa wapi kwanza na alipewa nini. Usimkaripie. Akiona umekunja uso hatakuambia kuhusu dawa ya majani, na wewe utakosa sababu ya figo za mtoto kukataa.

Usiulize "unakunywa pombe?" ukaridhika na hapana. Uliza kuhusu mbege (pombe ya ndizi), ngapi kwa siku, na tangu lini. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi: ukanda wa Maji ya Chai na Ngurdoto una madini ya floridi mengi, na meno ya kahawia, maumivu ya mifupa au miguu iliyopinda kwa mtoto kutoka huko yana maana tofauti na ya mtoto wa Dar es Salaam. Magadi ya kupikia nayo huongeza floridi, ulizia. Mgonjwa anayesema chakula kinakwama, kwanza ugali halafu hata uji, mwulize anakunywa chai au maziwa ya moto kiasi gani. Saratani ya koo la chakula si ngeni katika kanda hii, na shirika la utafiti wa saratani la IARC mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Kwa mzee wa Kimaasai asiyejua Kiswahili, usimtumie mjukuu wake wa miaka kumi kutafsiri habari za mkojo na uzazi. Tafuta muuguzi au mhudumu wa wodi anayejua Kimaa, na umtazame mzee unapouliza, si mkalimani. Jifunze salamu na maneno ishirini: maumivu, wapi, tangu lini, damu, choo, homa, watoto wangapi. Daftari dogo mfukoni linatosha.

Upande wa ufundi: usiende kwenye raundi (madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda) na mgonjwa uliyemchukulia historia asubuhi hiyo tu. Mwone jana yake jioni, soma ugonjwa wake usiku, mpime tena saa moja asubuhi, kwa sababu joto, mapigo na upumuaji hubadilika. Hesabu upumuaji kwa dakika nzima. Anayehesabu sekunde kumi na tano akazidisha kwa nne hukosea, hasa kwa mtoto. Na kitu usichokiona usikiandike. "Ini halipapasiki" wakati hukuligusa ni uongo, na daktari wa zamu ya usiku anaweza kuutumia.

Kijiji chetu kilichangia ng'ombe kumsomesha kijana udaktari. Amemaliza, yuko mjini. Zahanati yetu haina mtu. Vijana wa siku hizi hawana moyo?
*Mzee wa Longido*

Shikamoo, Mzee wetu. Uchungu wako tunauelewa. Turuhusu tuseme kwamba huenda kijiji kilisomesha mtu sahihi kwa kazi isiyo yake. Zahanati imepangiwa tabibu, muuguzi na mhudumu. Daktari mwenye shahada kwa kawaida hupangwa kituo cha afya au hospitali, kwa sababu kazi yake inahitaji watu na vitu vinavyomzunguka. Ili amtoe mtoto kwa upasuaji salama anahitaji mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mkunga wa kumpokea mtoto, damu iliyopimwa, maji na umeme wa uhakika. Bila hivyo, anabaki kuandika rufaa, na baada ya mwaka mmoja huanza kusahau alichosomea. Kama mnataka mtu wa zahanati, ng'ombe wa safari ijayo wamsomeshe tabibu na mkunga, ikiwezekana binti wa hapohapo, na fedha itatosha wawili.

Kuhusu kuondoka kwao: sababu tunazozisikia tena na tena ni nyumba isiyo na maji, mwenzi asiye na kazi, na zamu ya kila usiku bila wa kumpokea. Nyumba na tanki mnaweza kuvikamilisha kabla mtumishi hajaripoti, na sola ya taa na friji ndogo mnaweza kuidai kwenye bajeti ya halmashauri. Malalamiko yapite kwenye kamati ya zahanati, kwa maandishi, yasipigiwe kelele mlangoni mbele ya wagonjwa. Mtumishi anayetukanwa hadharani huomba uhamisho wiki hiyohiyo.

Mkitaka kumfunga kijana kwa makubaliano, kama ambavyo baadhi ya hospitali za makanisa hufanya, yaandikwe. Atatumikia miaka mingapi. Inahesabiwa kuanzia lini, na ushauri wetu ni kuanzia anapopata usajili kamili baada ya utarajali. Mshahara ni wa kiwango gani. Akitaka kwenda kusomea ubingwa itakuwaje. Akivunja atarudisha nini. Mkataba usiotaja haya huvunjika kwa ugomvi, na ndugu wanagawanyika.

Na kijana ambaye bado yuko chuoni akirudi likizo, msimwache akae tu akisifiwa. Mtendaji amwandikie barua kwa mganga mkuu wa wilaya, mganga mfawidhi ampokee kwa wiki tatu. Aanzie dirisha la kadi, kisha mizani ya watoto, kisha akae na mkunga aone jinsi mama anavyochomwa oksitosini vizio 10 mara mtoto akizaliwa, na jinsi mtoto asiyepumua anavyosaidiwa kwa barakoa na mfuko wa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Asiguse sindano wala kuandika dawa, bado hajaruhusiwa. Jioni akae na wale waliochangia ng'ombe, awaeleze alichokiona kwenye zahanati yao, nao wamweleze kwa nini mama wengine bado wanajifungulia bomani.